Mto Waliougawana

Wenzangu wa benchi la kahawa, tangu nirudi kila mmoja ananiuliza kwa wakati wake, nami kila mmoja namsimulia kipande. Matokeo yake mnabishana wenyewe kwa wenyewe, kila mtu ameshika kipande chake. Nimeamua kuandika safari yote, hatua kwa hatua. Anayetaka kujua asome, na anayetaka kubisha abishe na karatasi.

Swali lenu kubwa ni moja: mtu wa umri wangu, na magoti yangu haya, kwa nini nitembee kwa miguu kutoka Kibirizi kuelekea Kagunga wakati mitumbwi ya abiria ipo kila siku? Jibu ni dada yangu Yustina. Yeye aliolewa kule juu, kwenye kitongoji kilicho chini ya mlima, kabla hujafika Kagunga. Mumewe alishafariki. Ziwa lilipopanda lilimchukulia nyumba aliyoachiwa, chumba baada ya chumba, akahamia kwa jirani. Mwishoni mwa kiangazi alinipigia simu kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwake siku nyingi. Amepata kiwanja tambarare, chenye maji, na kuta zimeshaanza kusimama.

"Kiwanja kimetoka wapi?" nilimuuliza, maana pale napajua. Kuna mlima, kisha kuna ziwa, na katikati hapabaki pa kutandika jamvi.

"Mto wetu umekufa," akasema. "Wazee wameugawa."

Mnanijua. Mimi ni fundi wa vyerehani, shule yangu iliishia darasa la saba, na mengine nimejisomea mwenyewe. Kopo langu la kupimia mvua liko uani kwangu Buzebazeba miaka mingi, na mmenicheka kwa ajili yake miaka hiyo hiyo. Masika yaliyopita kopo lilipokea maji mengi sana. Ziwa nalo mnaliona lilipofika. Kwa hiyo sikuelewa: mto unakufaje katika mwaka wa mvua nyingi? Na kama haukufa, dada yangu anajenga wapi? Ukipita na mtumbwi huoni mito, unaona ufuko tu. Nikaamua kuivuka yote kwa miguu yangu, nifike kwa dada nikiwa najua ninachosema, kabla hajapandisha paa.

Kutoka Kibirizi

Niliondoka asubuhi na chupa mbili za maji, mkate, dagaa wakavu kwenye mfuko, na fimbo niliyoichora mistari ya kupimia kina. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kila nikivuka mto nitajaza chupa.

Mshtuko wa kwanza haukuchelewa. Njia niliyopita nikiwa kijana iko majini. Haikuharibika wala kuziba kwa majani. Iko chini ya ziwa, na unaiona ikiteremka na kupotea humo. Michikichi imesimama ndani ya maji, imekufa, imebaki magogo. Niliona choo cha matofali kimesimama ziwani mlango wazi, na ndani yake vidagaa vinazunguka. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Ikabidi nipande vijia vya juu, vinavyopita kwenye mashamba ya muhogo. Kule hakuna kivuli. Miti imekatwa hadi kwenye mgongo wa mlima, na udongo ni mwekundu, mgumu, umefanya ukoko. Nilipofika mto wa kwanza, haukuwepo. Palikuwa na mawe, na ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe ya mtoni ulikuwa umekauka ukawa unga. Niliugusa ukapeperuka. Mto wa pili hivyo hivyo. Chupa moja ikaisha. Chini yangu ziwa limejaa hadi linameza nyumba za watu, na mimi juu yake nalamba midomo. Wanawake niliokutana nao njiani wamebeba ndoo walinikataza kabisa kuteremka kunywa maji ya ufukoni. "Vyoo vyote viko humo, baba," mmoja aliniambia. "Unataka kipindupindu?"

Kwenye mto wa tatu nilikuta jambo jipya. Ndani ya bonde la mto, pale linapofunguka kuelekea ziwani, palikuwa na nyumba, safi, mpya, zimejipanga vizuri, kila moja na mpaka wa minyaa iliyopandwa kwa mstari. Mwanzoni niliwaonea wivu. Ardhi tambarare, mchanga laini, upepo wa ziwa. Nikachomeka fimbo yangu mchangani nione inazama hadi mstari gani.

"We mzee! Unapima nini hapo?"

Walikuwa wanaume wanashona nyavu. Waliacha nyavu wakaja.

"Huyu ndiye mtu wa X," mmoja akasema.

"Rangi ameficha wapi? Fungueni mfuko."

Nikaelewa. Walidhani nimetumwa kuchora alama ya X nyekundu kwenye nyumba za kubomolewa. Nilieleza kwamba mimi ni fundi wa vyerehani, napita kwenda kwa dada yangu, na fimbo ni ya kupimia maji. Nikisikia maneno yangu mwenyewe, hata mimi nisingejiamini.

Kijana aliyevaa jezi alichukua fimbo akaigeuza geuza. "Tuambie kabisa, mzee. Zile mita sitini za kukaa mbali na ziwa ni zetu au ni za ziwa? Maana sisi hatukulifuata. Limetufuata lenyewe."

Mwingine alikuwa ameshafungua mfuko. "Jamani, ana dagaa wakavu! Mtu wa ofisini anatembea na dagaa?"

"Labda ni mtego."

"Dagaa mtego wa nani? Wa sisi tunaowavua?"

Wakacheka, lakini fimbo hawakunirudishia. Aliyeniokoa ni mama mmoja mnene aliyetoka nyumba ya mlango wa bluu, tepu ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Wanamwita Mama Joza. "Kama kweli ni fundi wa vyerehani," akasema, "aje aone changu. Kinakata uzi tangu juzi. Akishindwa, mfungeni."

Sindano ilikuwa imewekwa kinyume, kile kimfereji chake cha uzi kimeangalia upande usio wake. Niliigeuza, nikapitisha uzi, kikashona. Yule kijana wa jezi alinirudishia fimbo kwa mikono miwili, akaniamkia shikamoo ambayo hakunipa mwanzo.

Siku ya upepo

Nililala pale; mpango ulikuwa kuendelea asubuhi kwa mtumbwi, kwa sababu mbele kuna hifadhi ya wanyama na kipande hicho sikutaka kukipita kwa miguu. Lakini kulivuma upepo wa kusini, mawimbi yakawa yanapiga hadi kwenye minyaa, na hakuna nahodha aliyetaka kuondoka. Nikashinda kwa Mama Joza siku nzima. Sina ninachojutia kwa upande wa chakula: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na samaki wa migebuka wa kuchoma ambao aliniwekea vipande viwili, akasema kimoja ni cha sindano.

Alinipa maji ya kunawa na ya kunywa. Yalikuwa baridi, safi, hayana ladha ya ndoo. Katika nchi niliyoivuka jana yake, maji yale hayakuwa na maelezo. Nikamuuliza anachota wapi.

"Chumbani," akasema.

Nilidhani ananitania. Akaniita ndani, akasogeza kapu la vitambaa, akafunua kifuniko cha pipa kilichokuwa sakafuni. Chini yake palikuwa na shimo limezungushiwa mawe, na ndani ya shimo, karibu kiasi cha kuinama tu, maji. Akatumbukiza kopo lenye kamba akalitoa limejaa.

"Tulichimba msingi tukayakuta," akasema kwa fahari. "Wenzangu wanapanda mlimani na ndoo alfajiri. Mimi nachota nikiwa na kanga moja."

Niliyatazama yale maji. Hayakuwa yametulia. Kipande cha uzi kilichodondoka kutoka kwenye tepu yake kilikuwa kinasogea polepole kuelekea upande wa ziwa.

"Mama Joza," nikasema, "huu ndio mto."

"Mto gani? Mto ulikufa."

"Umekufa na bado unakunywesha?"

"Basi ni marehemu mwema," akacheka hadi akashika ukuta.

Nilimweleza kadiri ninavyoelewa. Mlima umebaki mtupu. Mvua ikipiga udongo ule wenye ukoko haizami. Inateremka mara moja na kubeba mchanga na changarawe. Mchanga unajaza bonde, kila mwaka unapanda. Maji machache yanayobaki kiangazi yanatambaa chini ya mchanga huo, hayaonekani. Kwa hiyo mtu anaona bonde kavu, tambarare, anasema mto umekufa. Lakini ni mto ule ule umejifunika, na siku mvua kubwa ikipiga juu, hautapita chini.

Alinisikiliza vizuri. Ni mtu mwenye akili. Akafunika shimo, akarudisha kapu mahali pake.

"Haya, fundi. Niambie niende wapi. Huku ni ziwa. Kule juu ni mwamba, na maji ni safari. Hapa nina maji chumbani. Niende wapi?"



Kwenye mtumbwi, mbele ya hifadhi

Kipande hiki ni kifupi lakini msikiruke. Upepo ulipotulia tulipita karibu na ufuko wa hifadhi. Mlima ni ule ule, umeungana na milima niliyoivuka. Mvua ni ile ile, hakuna ukuta angani. Lakini kule msitu haujaguswa, na katika kila bonde mto ulikuwa unatiririka, mwishoni kabisa mwa kiangazi, maji meupe juu ya mawe hadi ziwani. Nilihesabu mabonde nikitafuta moja lililokauka. Sikulipata.

Nyani walikuwa wanacheza kwenye mmoja wa mito hiyo. Mama aliyekaa mbele yangu, ana ndoo tupu tatu alizokwenda kununua mjini, aliwatazama hadi tukawapita.

"Nyani wanaoga," akasema. "Sisi tunapanga foleni."

Watu wote mtumbwini walicheka, nahodha pamoja nao. Mimi nilikuwa namfikiria Yustina na maneno yake: kiwanja tambarare, chenye maji.

Kwa dada

Niliteremka Mwamgongo nikaendelea kwa miguu. Huko salamu zinabadilika; wengine wananisalimu kwa Kiha cha nyumbani, wengine Kirundi, nami najibu kwa chochote kinachokuja kwanza. Nilivuka mabonde mengine makavu yenye nyumba. Sikuwa nawaonea wivu tena. Kila mlango niliopita nilikuwa nachungulia sakafu yake, kama kuna kifuniko.

Dada nilimkuta ndani ya nyumba isiyo na paa, amejifunga kanga kiunoni, anawakemea mafundi.

"Minani! Umekuja kwa miguu? Na mitumbwi yote ile?"

"Nilitaka kuona njia."

"Njia iko majini, umeona nini?" Akanikumbatia, akanipaka udongo. Kisha, kabla hata sijakalishwa, akanishika mkono kwenda kunionyesha. Kuta zilikuwa usawa wa madirisha. Mabati yalikuwa yamepangwa pembeni, mapya. Kila alichonacho dada yangu kilikuwa kimesimama pale, kwenye mchanga, katikati ya bonde. Kwenye kona ya jikoni alikuwa ameacha mtaro wazi, na ndani ya mtaro maji yalikuwa yanang'aa.

"Ona!" akasema. "Mungu amenipa kisima ndani ya nyumba. Miaka yote nimepanda mlima huu na ndoo kichwani. Nimemaliza."

Alikuwa na uso ambao sikutaka kuuharibu.

Mzee Bandora alikuja kunisalimu. Ndiye mkubwa wa ukoo ule, na ndiye aliyesimamia kugawa. Nilimpa shikamoo, tukakaa kwenye tofali, nikamuuliza kwa heshima ilikuwaje.

"Ilikuwa kwa utaratibu," akasema. "Kiangazi kimoja mto haukufika ziwani. Tukasema unaumwa. Kiangazi cha pili haukufika. Tukasema umekufa. Mali ya marehemu huwezi kuiacha wazi, watakuja wageni waichukue. Tukakaa kikao, tukaigawa kama shamba. Wakubwa juu, wadogo chini, mjane akapewa katikati ili apate watu pande zote. Tukapanda minyaa ya mipaka."

"Na mlikunywa?"

"Matanga bila pombe ya ndizi si mkutano tu huo?"

"Lakini mzee, masika maji hayapiti hapa?"

"Yanapita. Tumeyaachia mfereji, ule pale." Ulikuwa mfereji wa kurukwa na mtoto. "Hayo ni maji ya mvua, si mto. Mto ni ule unaokuwepo kiangazi. Masika kila kitu ni mto, hata paa la nyumba yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa choo kilichosimama ziwani. Mzee hakuwa mpumbavu. Kwa babu zake kipimo hicho kilikuwa sahihi: mto uliopotea kiangazi ulikuwa umekwenda kweli. Lakini siku hizo mlima ulikuwa na msitu.

Nikaeleza yote, fimbo mkononi. Dada alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Kopo lako lilisema masika yaliyopita mvua ilikuwa kubwa?"

"Ilikuwa kubwa."

"Na maji yalipita kwenye mfereji, sikupata hata tone mlangoni kwa jirani aliye kando yake. Basi si ndiyo umekufa kweli? Kama mvua kubwa imepita mferejini, kubwa zaidi ya hiyo inatoka wapi?"

Mafundi waligeuka kunitazama. Lilikuwa swali zuri. "Kopo linasema jumla," nikajibu. "Linasema maji yalikuwa mengi. Halisemi kama yalikuja kwa wiki nyingi au kwa alasiri moja."

"Kwa hiyo kopo halijui."

"Halijui."

"Na wewe hujui."

"Sijui lini. Najua wapi."

Mzee Bandora akatikisa kichwa, siwezi kusema kama ni kwa kukubali au kwa kunihurumia. Niliomba kitu kimoja: dada asipandishe paa hadi mvua ya kwanza ipite, na mabati na godoro lake vihamishiwe juu, kwa mzee. Akakataa. Tulibishana kama tulivyokuwa tukibishana utotoni, yeye akiwa amesimama nami nimekaa. Mwisho alichoka.

"Yabebe mwenyewe basi. Ukiumia mgongo usinilaumu."

Niliyabeba. Kitongoji kizima kilitoka kunitazama nikipanda mlima na bati moja moja kichwani kama mganga aliyepagawa. Mmoja aliuliza kama mjini wanalipia kazi hiyo. Dada alikaa mlangoni pake pasipo mlango, anamenya muhogo, na kila nikipita ananiuliza kama mto umeshafika.

Alasiri

Ulifika nikiwa bado nina maumivu ya shingo.

Ilikuwa alasiri yenye jua. Ufukoni hapakuwa na tone wala wingu. Wanawake walikuwa wametandaza dagaa kwenye changarawe. Lakini nyuma yetu mgongo wa mlima ulikuwa umekuwa mweusi. Nilikuwa kwa Mzee Bandora, juu, nikinywa maji. Kwanza ikaja harufu ya udongo uliolowa, kutoka juu, wakati kwetu hakujalowa kitu. Kisha sauti. Sikuijua. Mzee aliijua. Aliweka kikombe chini akasimama, na uso wake sitausahau.

Tulipiga kelele. Watu wakatoka majumbani wakiangalia ziwani, kwa sababu miaka hii hatari imekuwa ikitoka huko. "Juu! Juu!" nikawaita. Wakashika watoto wakapanda kingo.

Maji hayakuja kama maji. Yalikuja kama uji mzito, wa rangi ya matofali, mbele yake yakitangulia matawi na mashina ya muhogo, na mwanzoni yalikwenda taratibu, ungedhani yanatafuta njia. Yakaufikia mfereji. Mfereji ukajaa kabla sijamaliza kuutazama. Nikamtafuta dada kwenye kingo, kwa watu. Hakuwepo.

Alikuwa ndani. Nilipomwita kwa jina lake la utotoni alitokea pale pa mlango na sufuria kichwani, sufuria moja ndani ya nyingine, na hakukimbia. Alitembea kama mtu anayetoka kisimani, asimwage. Uji ule ulikuwa umeshamfika vifundoni. Nilishuka nikamshika mkono, nikamvuta, sufuria zikaanguka zikaondoka. Tulipofika kwenye kingo tuligeuka. Kuta zake hazikuanguka kwa kishindo. Zililowa kutoka chini, zikakaa polepole, kama mtu aliyechoka. Kisha hapakuwa na kitu. Minyaa yote ya mipaka iliondoka pamoja, imesimama wima kwa muda ndani ya maji, ikielekea ziwani.

Hakufa mtu. Nasema hili mapema kwa sababu najua mnaruka mistari. Ilikuwa mchana, watu wako macho.

Jambo lililonimaliza ni hili. Muda wote huo ufukoni haikunyesha. Kopo langu, kama ningeliweka pale mlangoni kwa dada, lingebaki kavu.

Watu walisimama kwenye kingo. Mzee Bandora aliutazama mto, ukingo hadi ukingo, ukiwa umelichukua bonde lote alilogawa.

"Marehemu amerudi," akasema. "Na anataka mali zake zote."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Aliyecheka kwanza alikuwa dada yangu, akakaa chini, akacheka hadi akalia.

Kurudi kwa maji

Asubuhi mto ulikuwa kijito kinachopita katikati ya mchanga mpya, na wanawake walikuwa wameshainama wanachota. Nilimwambia dada twende naye mjini. Hakubisha. Mabati yalibaki kwa mzee.

Kutoka mtumbwini niliona kile ambacho nisingekiona bila kutembea kwanza. Kila bonde nililovuka likiwa kavu sasa lilikuwa limetoa ulimi wa rangi ya matofali ndani ya ziwa, hadi mbali, maji ya buluu yamekatwa kama kitambaa. Mbele ya hifadhi mito ilikuwa imejaa tu. Maji yake yalikuwa na ukungu kidogo, basi.

Nahodha alitia nanga kuchukua abiria pale kwa Mama Joza. Nikashuka kabla mtumbwi haujatulia. Nilitafuta mlango wa bluu. Upo. Upande wa jikoni haupo. Ua wake ulikuwa umejaa mchanga hadi dirishani, na yeye mwenyewe alikuwa ameinama nje, panga mkononi, anakata matawi ya minyaa na kuyachomeka kwenye mchanga, kwa mstari, pale pale mpaka ulipokuwa.

"Fundi!" akaita. "Ulisema kweli. Umepita."

"Mama Joza, unafanya nini?"

"Napanda mpaka. Nisipopanda leo, kesho jirani atasema chumba kile kilikuwa chake."

"Utarudi, mama. Umeuona mwenyewe."

"Umenichukulia jiko, umeniachia chumba na kisima. Nimeshakizoa mchanga. Ziwa lilipokuja halikuniachia hata mlango." Akafuta mikono. "Cherehani nilikuwa nimekiweka juu ya meza. Utakunywa maji?"

Alinitolea kikombe. Nilijua yalikotoka na nilijua yatakachofanya. Nilikunywa. Yalikuwa baridi na matamu kuliko mara ya kwanza.

Dada alikuwa ameshuka nyuma yangu. Alisimama akiutazama ule mstari wa matawi. Nilidhani anamhurumia mwenzake.

"Mama," akasema, "hii minyaa, unaweza kunikatia kidogo?"

Alikatiwa mzigo mzima. Aliufunga kwenye kanga kwa uangalifu, kwa sababu ya utomvu wake mweupe unaoharibu macho, akaupakata hadi Kibirizi.

Mnaokuja nyumbani mmeiona ile ndoo ya matawi uani, karibu na kopo langu, na mmeniuliza ni dawa ya nini. Si dawa. Ni mipaka ya dada, anaisubirisha hadi masika yaishe, arudi nayo. Imeshashika, ncha zimeanza kuchipua. Jana usiku mvua ilinyesha hapa Buzebazeba, nyote mliisikia kwenye mabati, na asubuhi nilitoka na rula yangu nikakuta kopo halina hata tone. Dada alikuwa ameshaamka. Alikuwa amelimimina lote kwenye ndoo.